Maadili Yafundishwe kwa Visa vya Kweli

Hakuna mwanafunzi katika shule zetu asiyejua kwamba kusema uwongo ni vibaya na kumsaidia mgonjwa ni vyema. Aliyajua hayo nyumbani kabla hajavaa sare ya shule, akayasikia tena kanisani au msikitini, kisha akayakuta katika kitabu cha somo la dini. Mwulize habari hizo katika mtihani, naye atajaza karatasi mbili pasipo kusita. Lakini mwulize afanyeje mtu aliye na wajibu wa namna mbili, wote wa haki, naye hawezi kuutimiza huu bila kuuvunja ule. Hapo utaona kalamu imesimama.

Huu ndio upungufu ninaotaka kuusema. Tunafundishwa kuchagua kati ya wema na ubaya, na mafundisho hayo ni ya lazima, lakini yanayomkosesha mtu mzima usingizi si hayo. Mwizi anajua kwamba anaiba. Mwuguzi mwenye kitanda kimoja na wagonjwa wawili hana kitabu kinachomwambia amlaze yupi. Hakimu, mhandisi, mkuu wa shule, mzazi mwenye watoto watatu na karo ya mmoja, wote hukutana na maswali ya namna hiyo, na wengi wao hukutana nayo mara ya kwanza siku ile ile wanapotakiwa kuyajibu.

Basi maoni yangu ni kwamba somo la maadili katika shule za sekondari lifundishwe kwa visa vilivyotukia kweli, vyenye mahali, mwaka na hesabu, wala lisiishie kwenye methali na makatazo. Na katika kila kisa mwanafunzi azoezwe kuuliza kwanza swali moja: ni nani atakayelipa gharama ya uamuzi huu, naye je, aliulizwa? Nitatoa visa viwili vya hapa kwetu Uganda, ili msomaji aone kwamba hatuna haja ya kwenda mbali kuvitafuta.

Kisa cha kwanza ni cha Hospitali ya Mulago. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani na Ufaransa walitangaza habari njema. Akina mama wajawazito wenye virusi vya UKIMWI walipewa dawa iitwayo AZT kwa majuma mengi ya mimba, wakatiwa dawa hiyo kwenye mshipa wakati wa uchungu wa kuzaa, na mtoto akanyweshwa kwa majuma 6. Kwa wale ambao hawakupewa dawa, asilimia 25.5 ya watoto waliambukizwa. Kwa waliopewa, asilimia 8.3 tu. Lakini matibabu hayo yalitajwa kuwa yagharimu kama dola 800 kwa mama mmoja. Tena yalitaka mama ajulikane mapema, azalie penye vyombo vya kutilia dawa mshipani, na asimnyonyeshe mtoto. Kwa nchi nyingi za Afrika wakati ule hayo yalikuwa ndoto.

Ikatafutwa njia fupi na rahisi. Ili kujua kama njia fupi yafaa, majaribio mengi yaliyofanyika Afrika na Asia yaliwagawa akina mama mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja lilipewa dawa kwa muda mfupi. Fungu la pili lilipewa vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani. Mama hakujua yumo fungu lipi, wala mkunga wake hakujua.

Mwezi wa Septemba 1997 Peter Lurie na Sidney Wolfe, madaktari wa Marekani, waliyapinga majaribio hayo katika jarida la New England Journal of Medicine. Walihesabu majaribio 15 ya namna hiyo katika nchi maskini. Walisema kwamba dawa imekwisha kujulikana, na jambo ambalo lisingekubaliwa kwao halifai kutendwa kwa wengine kwa sababu tu ni maskini. Mhariri wa jarida hilo, Marcia Angell, alikwenda mbali zaidi, akakumbusha habari za Tuskegee katika jimbo la Alabama. Huko, tangu 1932 mpaka 1972, idara ya afya ya serikali iliwatazama tu wanaume weusi 399 wenye kaswende ili ione ugonjwa utakavyokwenda, na haikuwapa penisilini hata baada ya dawa hiyo kujulikana kwamba inaponya.

Jibu halikukawia. Harold Varmus na David Satcher, waliokuwa wakuu wa taasisi kubwa za afya za Marekani, walisema kwamba akina mama wa nchi hizo hawakunyang'anywa dawa, kwa maana hawakuwa nayo. Kuwalinganisha na mama aliyepata matibabu ya Marekani, walisema, kusingejibu swali la Afrika, yaani kama dawa kidogo ni bora kuliko hali iliyopo. Na katika jibu lao walitia barua ya Dk. Edward Mbidde, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya utafiti wa UKIMWI hapa Uganda. Yeye alieleza kwamba utafiti wa huku si wa Wamarekani juu ya Waganda wasiojiweza. Ni wa wataalamu wa Uganda, kwa ajili ya watu wa Uganda, na fedha tu ndizo zilizotoka nje.

Sasa, ndugu msomaji, weka gazeti chini kidogo ujiulize ungesema nini. Ukiwa upande wa Lurie na Wolfe, wajibu nini wale watoto watakaozaliwa mwakani na mwaka wa kesho kutwa, ambao njia fupi ikipatikana upesi itawaokoa? Ukiwa upande wa Dk. Mbidde, wamwambia nini mama aliyemeza kidonge kitupu akiamini ameshika tumaini?

Mambo yalikwenda hivi. Mwezi wa Februari 1998 majibu yalitoka Thailand: AZT ya majuma machache tu ilipunguza maambukizo kwa nusu. Palepale vidonge vitupu viliachwa katika majaribio mengine. Kampala, ambako wataalamu wa Makerere na wenzao wa Marekani walikuwa wameanza jaribio lao Novemba 1997, akina mama 19 kati ya 645 walikuwa wamekwisha kupangiwa fungu hilo, hakuongezwa mwingine. Waliosalia waligawanywa kati ya AZT ya muda mfupi na dawa nyingine, nevirapine: kidonge kimoja kwa mama uchungu unapoanza na tone kwa mtoto ndani ya saa 72. Majibu yalichapishwa 1999. Mtoto alipofika majuma 14 mpaka 16, waliopewa AZT walikuwa na maambukizo asilimia 25.1, na waliopewa nevirapine asilimia 13.1. Dawa ya bei ndogo, ambayo mkunga wa kijijini angeweza kuitoa, ilikuwa imepatikana, na nchi nyingi maskini ziliitumia kwa miaka. Baadaye ilionekana kwamba kidonge kimoja peke yake huwafanya virusi wazoee dawa, na tangu 2012 Uganda imekuwa ikimpa kila mama mjamzito mwenye virusi dawa za maisha yake yote.

Nani alikuwa na haki? Mimi naona hivi. Neno la Dk. Mbidde lina uzito, kwa kuwa si haki watu wa mbali watuamulie lipi la heshima na lipi la aibu katika hospitali zetu. Lakini neno hilo halimalizi shauri. Kati ya profesa wa Kampala na mama aliyekuja kliniki kwa miguu pana umbali vilevile, hata wakiwa wa kabila moja. Swali la kweli ni kama mama yule aliambiwa kwa lugha yake kwamba kidonge chake huenda hakina kitu, akaelewa, na akajua kwamba aweza kukataa na bado akapokewa kliniki. Wakubwa walipokuwa wakibishana magazetini walimtaja mama kila mara, ila sauti yake haikusikika sana.

Tena naona kwamba vidonge vitupu viliweza kuvumiliwa kwa muda ule tu ambao jibu lilikuwa halijulikani. Kuendelea navyo hata siku moja baada ya majibu ya Thailand kungekuwa dhuluma. Mwenzangu aweza kunijibu kwamba jibu lenyewe la Thailand lilipatikana kwa vidonge vitupu, na kwamba Kampala ilijenga juu ya jibu hilo. Asema kweli, nami sina neno la kumshinda kabisa. Kisa kizuri cha kufundishia ndivyo kilivyo: ukiisha kuamua, unabaki na kitu mkononi ambacho hukupata pa kukiweka.

Kisa cha pili ni cha Gulu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulithibitishwa katika wilaya hiyo. Kabla haujaisha mapema mwaka 2001 ulikuwa umewapata watu 425, na 224 kati yao wakafa. Katika Hospitali ya St. Mary's, Lacor, mganga mkuu alikuwa Dk. Matthew Lukwiya. Siku zile alikuwa Kampala akisoma shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Makerere. Alipopata habari kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana alirudi, akasoma majalada ya wagonjwa, akatambua ni nini kabla maabara haijajibu, akafungua wadi ya pekee. Waliofanya kazi humo waliingia kwa hiari.

Hata hivyo wauguzi waliendelea kuambukizwa na kufa mmoja baada ya mwingine. Ilipofika mwisho wa Novemba wenzao walikusanyika, wakataka hospitali ifungwe. Hapo pana mzani mgumu kuliko wa Mulago. Ukiwaachia wauguzi waende zao, wagonjwa watakufa bila maji ya kunywa, na wengine watarudi vijijini na kuwaambukiza ndugu zao. Ukiwazuia, unawaamuru wanawake na wanaume wenye watoto wachanga nyumbani waende kwenye kifo kwa mshahara mdogo. Dk. Lukwiya hakuamuru. Aliwaambia kwamba anayetaka kwenda aende, lakini yeye atabaki. Wengi wakabaki. Siku chache baadaye yeye mwenyewe aliugua, baada ya kumhudumia mwuguzi mwenzake aliyekuwa mahututi, akafa tarehe 5 Desemba 2000. Amezikwa pale pale hospitalini.

Watu husimulia kisa hiki kuwa ni cha ushujaa, na ni cha ushujaa kweli. Lakini darasani tusiishie kupiga makofi. Tuulize, je, mwuguzi aliyeondoka alikosa? Mama mwenye kichanga na kijana asiye na mke wana wajibu sawa? Hospitali iliwapasa nini yatima wa wauguzi waliokufa? Na kiongozi ana haki gani ya kumwomba mtu ahatarishe maisha yake?

Kwa swali hili la mwisho mimi nina jibu. Nadhani ombi kama lile laweza kutolewa na mtu mmoja tu, yule anayesimama katika hatari ile ile. Dk. Lukwiya alikuwa na haki hiyo, maana miaka ya nyuma waasi walipokuja Lacor kuwachukua wauguzi, alijitoa yeye achukuliwe badala yao. Mkubwa anayetuma ujumbe kutoka ofisini kwamba wafanyakazi wawe na moyo, huku hakupeleka glavu za kutosha, hana haki hiyo hata akiwa na cheo gani. Na swali hili si la zamani. Ebola ya namna ile ile ilirudi Uganda 2022, ikaua watumishi wa afya, ikarudi tena Januari 2025, na wa kwanza kutambuliwa kuwa amekufa kwayo alikuwa mwuguzi wa Mulago. Miongoni mwa wanaosoma gazeti hili wamo watakaokuwa wauguzi na waganga. Afadhali walifikirie swali hili sasa, wakiwa wameketi kwenye dawati.

Najua wapo wazee na walimu wasioipenda njia hii. Husema kwamba kijana akizoezwa kubishana juu ya mema na mabaya atakuwa hodari wa kujitetea. Kila kosa atalitafutia hoja. Wengine huongeza kwamba elimu haimfanyi mtu mwema, na ushahidi wao ni mzito. Ujerumani mwezi wa Februari 1931 ilitoa kanuni nzuri sana za kuwalinda wagonjwa katika majaribio ya dawa, zikitaka mgonjwa aelezwe na akubali kwanza. Haukupita muda mrefu, madaktari wa nchi hiyo hiyo, wenye digrii kubwa, wakawafanyia wafungwa katika kambi mambo ambayo ulimi wasita kuyataja. Katika kesi ya Nuremberg ya 1946 na 1947 walishtakiwa watu 23, wengi wao madaktari. 16 walipatikana na hatia, na 7 wakanyongwa.

Nakubali ushahidi huo, lakini naona unanitetea mimi. Kanuni zilikuwako, zimeandikwa vizuri, na wakubwa wa taaluma walizijua. Kilichokosekana ni watu waliozoea kuiuliza kanuni imlinde nani, na kumtazama usoni yule anayelipa. Mtu aliyekariri tu ni mwepisi wa kubadilishiwa la kukariri: leo ataambiwa kila mgonjwa ni mtu, kesho ataambiwa hawa si watu, naye ataandika yote mawili kwa mwandiko mzuri. Wahenga walisema akili ya kuambiwa uchanganye na yako. Hiyo ya kwako haiji yenyewe. Hulimwa kama shamba. Na kijana anayetafuta hoja za kufunika kosa lake hakujifunza kwetu. Huyo alijua tangu zamani. Tofauti ni kwamba darasani atakuwako mwenzake wa kumwambia mbele ya watu kwamba hoja yake haisimami.

Basi lifanyikeje? Sioni haja ya mtihani mpya wala kitabu cha bei kubwa. Kipindi kimoja kwa juma chatosha, katika somo la dini au katika chama cha midahalo. Mwalimu alete kisa kimoja kilichoandikwa ukurasa mmoja. Kwanza wanafunzi wakusanye mambo yalivyokuwa, maana ubishi mwingi wa maadili ni ujinga wa habari. Kisha waorodheshe wote wanaoguswa, hasa wale wasiokuwapo kwenye mkutano. Kisha wagawanyike pande mbili wabishane, na baada ya dakika 15 wabadilishane pande, ili kila mmoja aiseme kwa haki hoja asiyoipenda. Mwisho kila mwanafunzi aandike uamuzi wake katika daftari na sababu zake, na chini yake aandike ni nani ataumia kwa uamuzi huo na angemwambia nini uso kwa uso. Mstari huo wa chini ndio somo lenyewe.

Kwa njia hii mwanafunzi atajifunza pia jinsi watu wazima walivyojaribu kuyaweka mambo haya katika utaratibu. Leo hapa Uganda utafiti juu ya binadamu hauanzi mpaka kamati ya maadili iupitie, na kamati hiyo hutakiwa iwe na mtu asiye mwanasayansi, awasemee wananchi wa kawaida. Pengine mmoja wenu ataketi katika kiti hicho. Akiketi humo akiwa hajazoea kuuliza, atatia sahihi na kunywa chai.

Visa vya shuleni navyo visisahauliwe. Chukua hiki kinachojulikana na kila mtahiniwa. Rafiki yako wa chanda na pete amepata karatasi ya mtihani usiku wa kuamkia siku yenyewe, naye amekuonyesha kwa sababu anakupenda. Nyumbani kwao wameuza ng'ombe ili asome. Ukimsemea, umemharibia maisha na watakuita msaliti. Ukinyamaza, umeshika upande. Hapa wengi hupima urafiki na kanuni ya shule, na kwa kuwa urafiki una uso na kanuni haina, urafiki hushinda. Uliza swali letu: nani atakayelipa? Baraza la Mitihani likishuku wizi huzuia matokeo, na mara nyingine ya kituo kizima. Atalipa yule msichana wa dawati la mbele aliyesoma kwa mwanga wa taa ya mafuta muhula mzima, naye hakuulizwa. Sasa pande zote mbili zina uso. Sikuambii kwamba jambo limekuwa jepesi; nasema kwamba sasa unalipima lote, na huenda ukaona njia ya tatu, kama kumwendea rafiki yako usiku ule ule na kumtaka aende mwenyewe kwa mwalimu, nawe ufuatane naye.

Kwa ninyi mliotangulia, wanafunzi wa zamani wa shule hii, nina ombi. Mmekuwa mahakimu, wauguzi, wafanyabiashara, maofisa wa serikali na wakulima. Kila mmoja wenu amewahi kufika njia panda ambayo kitabu hakikuitaja. Njoni siku moja kwa muhula, mwaeleze vijana mlikuwa na njia zipi na mlichagua ipi. Msilete hotuba za mafanikio. Hizo wanazo za kutosha siku ya kugawa zawadi. Leteni lile shauri ambalo mpaka leo hamna hakika nalo.

Nanyi wanafunzi msingoje ratiba ibadilishwe. Chama cha midahalo kinakutana kila juma, na mara nyingi hujadili kama mji ni bora kuliko kijiji. Wakati ujao jadilini vidonge vya Mulago, na mwanzo wa mjadala mmoja wenu asimame upande wa mama.